Kuosha Moshi: Namna ya Kuzuia Salfa Itokayo katika Mitambo ya Umeme ya Makaa ya Mawe

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili kinachoweza kufuatwa na mwanafunzi wa kitivo chochote, namna salfa inavyozuiwa isitoke katika mabomba ya moshi ya mitambo ya umeme iendeshwayo kwa makaa ya mawe. Huenda msomaji akashangaa kuona mada ya namna hii katika jarida la masomo ya Kiswahili. Sisi tunaonelea kwamba kazi ya kusanifu istilahi haikamiliki kwa kuorodhesha maneno. Yafaa maneno hayo yatiwe kazini, yaeleze jambo zima tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo tujue lipi linabeba mzigo wake na lipi linauangusha njiani.

Ni kweli kwamba nchi yetu hupata sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kwa nguvu za maji: Inga, Nseke, Nzilo, Mwadingusha. Hata hivyo, nyaya zetu zimeungana na mtandao wa kusini mwa Afrika, ambamo mzalishaji mkubwa kuliko wote, yaani Afrika ya Kusini, hutegemea makaa ya mawe. Tena mkazi wa Lubumbashi ana sababu yake ya pekee ya kuijua salfa. Bomba la kiwanda cha kuyeyushia shaba, lenye urefu wa kadiri ya meta 150, limekuwa alama ya mji hata wachoraji wetu hawakosi kulitia katika picha zao. Upande uvumiako upepo kutoka kiwandani, kuelekea kilima cha Penga Penga, miti ya miombo ilikauka na udongo ukabaki wazi, kwa sababu ya mavumbi ya madini na gesi ya salfa iliyotoka katika mawe ya shaba. Mtambo wa umeme si kiwanda cha shaba, lakini gesi ni ile ile.

1. Neno na kitu

Kiswahili cha kale kiliita kitu hiki kiberiti, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa jiwe la manjano liwakalo kwa ndimi za kibuluu na harufu ya kukaba koo. Baadaye vijiti vya kuwashia moto vilivyotiwa dawa hiyo vikachukua jina, na leo mtu akisema kiberiti, msikilizaji anatazama mfukoni. Vitabu vya sayansi vya Afrika ya Mashariki vimechagua salfa, nasi tunafuata, ijapokuwa tunasikitika kidogo kuliacha neno lililokwisha kuwa la kwetu. Gesi itokayo salfa inapoungua tutaiita dioksidi ya salfa. Kwa kile ambacho wengine huita asidi tutatumia tindikali, kwa maana neno hilo tayari limo katika kamusi na halina ugeni masikioni.

Neno lenye kutusumbua zaidi ni chujio. Mara nyingi husemwa kwamba mtambo fulani umetiwa chujio la kuzuia salfa, na msomaji hupata picha ya kitambaa kinachozuia uchafu na kupitisha kisafi. Picha hii inafaa kwa majivu. Katika mitambo ya makaa ya mawe majivu hunaswa kwa mifuko ya kitambaa, ama kwa mabamba yenye umeme yanayoyavuta kama sumaku ivutavyo vumbi la chuma. Lakini dioksidi ya salfa ni gesi, tena imechanganyika na gesi nyingine. Hakuna tundu la kitambaa litakaloipambanua. Gesi haichujwi. Huoshwa, maana yake hukutanishwa na kitu kinachoipenda kuliko hewa inavyoipenda, ikaacha hewa na kushikamana na kitu hicho. Kwa hiyo tutasema kuosha moshi, na mahali pa kazi hiyo tutapaita mnara wa kuoshea. Mtu aliyeelewa neno hili ameelewa nusu ya jambo lenyewe.

2. Salfa ndani ya makaa

Makaa ya mawe ni mimea ya kale iliyozikwa, na salfa iliingia humo kwa njia mbili. Sehemu moja imo katika chembe za madini ya chuma na salfa, zing'aazo kama dhahabu ya uongo. Sehemu nyingine imeungana na kaboni yenyewe, chembe kwa chembe. Tofauti hii ina matokeo makubwa. Chembe za madini ni nzito, kwa hiyo makaa yakisagwa na kuoshwa kwa maji kabla ya kuchomwa, nyingi huzama na kuondolewa. Ile iliyoungana na kaboni haitoki kwa maji yoyote. Ndiyo maana kuosha makaa hupunguza salfa bila kuimaliza.

Kiasi chake hutofautiana: kuna makaa yenye salfa chini ya asilimia 1, na kuna yenye asilimia 3 au 4 na zaidi. Tuchukue mtambo wa megawati 500. Ukifanya kazi kwa nguvu zake zote, huchoma kadiri ya tani 200 za makaa kwa saa. Makaa hayo yakiwa na salfa asilimia 3, tani 6 za salfa huingia motoni kila saa. Sehemu ndogo hubaki katika majivu. Iliyosalia huungana na oksijeni, na kwa kuwa chembe mbili za oksijeni zina uzito ule ule wa chembe moja ya salfa, tani 6 huwa karibu tani 12 za gesi. Kwa siku moja ni kama tani 280. Mtambo mmoja, siku moja.

Gesi hiyo ikivutwa pumzini huwasha koo na kubana mapafu, hasa ya wagonjwa wa pumu. Angani hugeuka polepole kuwa tindikali ya salfa na chumvi zake, vijichembe vidogo mno vinavyopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, ama huyeyuka katika mawingu na kushuka kama mvua ya tindikali. Robert Angus Smith, mkemia aliyechunguza mvua ya Manchester, alieleza jambo hili mwaka 1852, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 akalipa jina hilo la mvua ya tindikali. Kwa hiyo jambo lilijulikana mapema, ila lilichelewa kutendewa kazi.

3. Bomba refu

Njia ya kwanza kuenea ilikuwa ile iliyo rahisi: kurefusha bomba. Baada ya ukungu mchafu ulioufunika mji wa London kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukaua watu wasiopungua 4,000 kwa hesabu ya wakati ule (makadirio ya baadaye yalifika 12,000), Uingereza ilitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Moshi wa majumbani ulipungua, na mitambo mikubwa ya umeme ikajengwa mbali na miji, yenye mabomba marefu. Mtindo huu ulienea duniani. Bomba la mtambo wa Ekibastuz, nchini Kazakhstan, lililokamilika mwaka 1987, lina urefu wa karibu meta 420.

Jirani wa mtambo alinufaika, hilo halikanushiki. Lakini bomba refu haliondoi hata gramu moja ya salfa, huihamisha tu. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, alionyesha kwamba tindikali iliyokuwa ikiua samaki katika maziwa ya Skandinavia ilitoka sehemu nyingine za Ulaya, ikiwamo Uingereza. Serikali zilibishana kwa miaka mingi. Hatimaye mkataba juu ya uchafuzi wa hewa uvukao mipaka ulitiwa sahihi mjini Geneva mwaka 1979, na itifaki ya Helsinki ya mwaka 1985 ikazitaka nchi wanachama kupunguza salfa kwa asilimia 30 zisizopungua ifikapo mwaka 1993, kwa kulinganisha na mwaka 1980. Ujerumani ya Magharibi, iliyotishwa na kukauka kwa misitu yake, ilikuwa imetangulia: amri yake ya mwaka 1983 iliilazimisha mitambo mikubwa kuosha moshi ama kufungwa, na katika muda wa miaka michache minara ya kuoshea ikasimama nchi nzima.

4. Mnara wa kuoshea

Kanuni yenyewe ni ya kale kuliko mabishano hayo. Katika miaka ya 1920 kampuni ya umeme ya London ilipotaka kujenga mtambo wa Battersea katikati ya mji, watu walipinga, wakisema moshi utaharibu majengo na picha za jumba la Tate ng'ambo ya mto. Kibali kilitolewa kwa sharti la kuosha moshi. Tangu mwaka 1933 moshi wa Battersea ulioshwa kwa maji ya mto Thames yaliyoongezwa chokaa, na zaidi ya asilimia 90 ya salfa iliondolewa. Maji machafu yalirudishwa mtoni. Tena moshi uliopoa kwa kuoshwa ulikuwa mzito, haukupanda vizuri, ukashuka karibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi ya kuosha ilisimamishwa, kwa kuwa wingu jeupe la mvuke lingewaongoza marubani wa adui. Msomaji ayaweke akilini mambo haya mawili, uchafu kuhamia mahali pengine na moshi mzito kushuka, maana tutakutana nayo tena.

Mnara wa siku hizi ni chombo kikubwa kama jengo la ghorofa nyingi. Moshi, ukiwa umekwisha kuondolewa majivu, huingia chini na kupanda. Juu kuna mabomba yenye midomo mingi yanayonyunyiza uji mwembamba wa maji na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Matone yanaposhuka na moshi unapopanda, dioksidi ya salfa huyeyuka ndani ya tone na kuwa tindikali dhaifu. Chokaa huimeza tindikali hiyo, na tone hupata tena nafasi ya kuvuta gesi nyingine. Bila chokaa maji yangeshiba upesi na kukataa. Uji hukusanyika kwenye kisima chini ya mnara, na humo hupulizwa hewa kwa nguvu. Oksijeni ya hewa hiyo hukamilisha kazi kwa kuigeuza chumvi iliyotokea kuwa jasi, ile ile itumikayo katika saruji na katika mbao za dari.

Hewa hii ya kisimani yaonekana jambo dogo, ilhali ndiyo iliyookoa ufundi wote. Katika minara mingi ya miaka ya 1970 chumvi ziligandamana ovyo, zikajenga ukoko kama ule wa ugali chini ya sufuria, mabomba yakaziba, na mafundi wakashinda wakigongagonga. Kilichopatikana kilikuwa tope lisilokauka, likamwagwa mabwawani. Hewa ilipopulizwa ya kutosha, jasi ilianza kukua kwa punje kubwa ndani ya uji badala ya kushika kuta, ikaweza kukamuliwa maji na kuuzwa.

Hesabu ni hii: kila tani 1 ya dioksidi ya salfa hudai kama tani 1.6 za mawe ya chokaa na kuzaa karibu tani 2.7 za jasi. Mtambo wetu wa mfano ungetumia basi kadiri ya tani 19 za mawe ya chokaa kwa saa na kutoa tani 32 za jasi, yaani nyingi kuliko salfa yenyewe, kwa kuwa imebeba ndani yake chokaa, oksijeni na maji. Mawe ya chokaa yanapomeza tindikali hutoa pia dioksidi ya kaboni, kama tani 8 kwa saa. Si nyingi ukilinganisha na ile ya makaa yenyewe, lakini ipo. Aidha mnara hula asilimia 1 au 2 ya umeme wa mtambo, na hunywa maji mengi yanayopotea kama mvuke. Kwa malipo hayo mnara mzuri huondoa asilimia 95 na zaidi ya salfa.

Kisa cha kijiji cha Cheshire, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, chaonyesha kwamba hata mnara mzuri hautoshi mtu asipoutazama mtambo wote kwa pamoja. Kijiji hicho kilikuwa na watu kama 220, kando ya mtambo wa Gavin wenye megawati 2,600, uliochoma makaa yenye salfa nyingi na kuhesabiwa miongoni mwa wachafuzi wakubwa kabisa wa nchi ile. Minara ya kuoshea iliwekwa katikati ya miaka ya 1990, na salfa ikapungua mno. Mwaka 2001 kikaongezwa chombo kingine cha kupunguza oksidi za nitrojeni. Chombo hicho, kwa bahati mbaya, kilisaidia sehemu ya dioksidi ya salfa kuchukua oksijeni moja zaidi na kuwa trioksidi. Trioksidi ikikutana na unyevu huwa ukungu wa tindikali ya salfa, wa matone madogo kiasi kwamba huponyoka katikati ya matone ya mnara. Na kwa kuwa moshi ulioshwa, ulikuwa baridi na mzito kama ule wa Battersea. Siku za joto wingu la kibuluu lilishuka kijijini, macho yakawasha na makoo yakakauka. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kukinunua kijiji kizima kwa dola milioni 20, nao waliouza nyumba zao wakaacha haki ya kushtaki. Dawa iliyotumika baadaye katika mitambo ya namna hiyo ni kupuliza unga wa alkali ndani ya moshi kabla haujafika mnarani, na mojawapo ya unga huo ni magadi, madini yale yale yachimbwayo katika ziwa Magadi nchini Kenya.

5. Kuuza haki ya kuchafua

Marekani ilichagua njia iliyowashangaza wengi. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais George Bush tarehe 15 Novemba 1990 haikumwamuru kila mwenye mtambo ajenge mnara. Iliweka kikomo cha salfa ya mitambo yote kwa jumla, ikagawa vibali, kila kibali kwa tani moja, ikaruhusu viuzwe na kununuliwa. Aliyepunguza zaidi ya alivyotakiwa aliuza ziada. Aliyezidisha bila kibali alitozwa faini ya dola 2,000 kwa kila tani, pamoja na kukatwa vibali vya mwaka unaofuata. Kila bomba lilitiwa vipimo vinavyoandika kiasi cha gesi saa zote, na bila vipimo hivyo soko lingekuwa mchezo wa maneno. Awamu ya kwanza ilianza mwaka 1995 kwa mitambo 110 mikubwa, ya pili mwaka 2000.

Bei ilikuwa ndogo kuliko ilivyotabiriwa, ikashuka hata chini ya dola 100 mwaka 1996, hasa kwa sababu wengi hawakujenga minara: walinunua makaa ya Wyoming yenye salfa kidogo, yaliyosafirishwa kwa reli kwa nauli iliyokuwa imepungua. Salfa ya mitambo ya umeme ilishuka kutoka tani za Kimarekani milioni 17.3 mwaka 1980 hadi kama milioni 5 mwaka 2010. Mwaka 2020 ilikuwa chini ya milioni moja, ingawa kufikia hapo sheria nyingine na gesi asilia iliyochukua nafasi ya makaa vilikuwa vimefanya sehemu kubwa ya kazi. Tunakiri uzuri wa mpango huu kwa mvua, ambayo haijali tani ilitoka bomba lipi. Kwa mapafu ya mtu aishiye chini ya bomba la mnunuzi wa vibali, hoja ni nyingine, na soko peke yake halina jibu kwake.

6. Kusile

Turudi Afrika. Mtambo wa kwanza wa makaa barani humu kujengwa pamoja na minara ya kuoshea kwa mawe ya chokaa ni Kusile, mkoani Mpumalanga, wenye mashine sita za megawati 800 kila moja. Dada yake, Medupi, ulijengwa bila minara hiyo, ukiachiwa nafasi tu ya kuiweka baadaye, ingawa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2010, dola bilioni 3.75, ulikuja pamoja na ahadi ya kuiweka. Medupi umo katika nchi kame ya Limpopo, na tumekwisha kuona jinsi mnara unavyokunywa maji. Mwaka 2020 serikali iliongeza kikomo cha salfa kwa mitambo ya zamani kutoka miligramu 500 hadi 1,000 kwa kila meta ya ujazo ya moshi. Mwezi Machi 2022 mahakama kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya nyanda za juu za eneo hilo inavunja haki ya wananchi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya.

Miezi saba baadaye, Oktoba 2022, bomba la moshi la mashine moja ya Kusile liliporomoka. Sababu yake yaingia moja kwa moja katika somo letu: uji wa mnarani, ukibebwa na moshi uliolowana, ulikuwa umejikusanya ndani ya bomba hadi uzito wake ukalishinda. Mashine tatu zenye kutumia nguzo moja ya mabomba zilizimika, zaidi ya megawati 2,000 zikapotea, wakati umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu nchi nzima. Shirika la Eskom likaomba kujenga mabomba ya muda yasiyopitia minara ya kuoshea. Madaktari na watetezi wa mazingira walipinga. Mwaka 2023 kibali cha muda kilitolewa pamoja na masharti, na kabla ya mwaka kwisha mashine zote tatu zilikuwa zikifanya kazi, salfa yake ikitoka bila kuoshwa.

Ni vigumu kumhukumu kwa wepesi aliyetoa kibali kile. Hospitali isiyo na umeme nayo huua. Lakini yafaa tuone kilichotendeka: mnara ulihesabiwa kuwa kitu cha nyongeza, kinachoweza kuwekwa kando siku ya shida, ilhali tanuri halikuhesabiwa hivyo. Nchini Ujerumani sheria ya mwaka 1983 ilikuwa imeyafunga mambo hayo mawili pamoja.

Hapa Katanga salfa hutujia kwa mlango mwingine. Kila siku malori yenye shehena ya manjano huingia kwa njia ya Kasumbalesa. Ni salfa iliyoondolewa katika mafuta na gesi, sehemu kubwa katika nchi za Ghuba, ikanunuliwa na kusafirishwa maelfu ya kilometa ili itengenezwe tindikali ya kuyeyushia mawe ya shaba. Katika kiwanda cha shaba gesi huwa na salfa nyingi kiasi kwamba yafaa kugeuzwa kuwa tindikali ya kuuza; katika mtambo wa umeme imetawanyika mno ndani ya moshi, na kwa sababu hiyo jasi ndiyo njia ya kawaida. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya bomba lolote, la makaa au la shaba, ni la hesabu: ni tani ngapi za salfa zimeingia kiwandani, na ni ngapi zimetoka zikiwa jasi, tindikali au majivu. Zinazopungua katika hesabu hiyo zimekwenda angani.